Je, Wajua? Nguvu ya Sharti Katika Makubaliano

"Vigezo na masharti kuzingatiwa." Maneno haya hufunga matangazo ya biashara redioni, na mara nyingi husomwa haraka kuliko sehemu nyingine yote ya tangazo. Ni hasara kwa msikilizaji, kwa sababu humo ndimo yalimo makubaliano yenyewe.

Je, wajua kwamba vigezo na masharti ni vitu viwili tofauti?
Kigezo ni kipimo cha kukubaliwa: umri, kitambulisho, mshahara unaopitia benki. Usipokifikia, huingii. Sharti hukusubiri ndani: kulipa rejesho kila mwezi, kutouza mali uliyoiweka rehani. Anayenyimwa mkopo ameangushwa na kigezo. Anayepigiwa mnada nyumba yake ameangushwa na sharti.

Je, wajua kwamba wanazuoni wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, hutenganisha sharti na nguzo?
Sharti huwa nje ya jambo na hulitangulia, ilhali nguzo ni sehemu ya jambo lenyewe. Udhu ni sharti la swala; kusoma Fatiha ni nguzo yake. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, nguzo za ndoa ni mume, mke, walii, mashahidi wawili na tamko la kuoza na kukubali. Mahari hayamo katika orodha hiyo. Ndoa iliyofungwa bila mahari kutajwa husihi, lakini haki ya mke haipotei: hustahiki mahari ya wanawake walio mfano wake.

Je, wajua kwamba tangazo la gazetini liliwahi kugeuka mkataba?
Mwaka 1891 kampuni ya Carbolic Smoke Ball ya London iliahidi pauni 100 kwa yeyote atakayepata homa ya mafua baada ya kutumia dawa yake mara tatu kwa siku kwa wiki mbili. Ikaongeza kwamba imeweka pauni 1,000 benki kuonyesha kuwa haitanii. Bi. Louisa Carlill aliitumia kama ilivyoelekezwa, na mafua yakampata. Kampuni ilipokataa kulipa, alikwenda mahakamani. Desemba 1892 Mahakama ya Rufani ilimpa ushindi: aliyetimiza sharti la ahadi iliyotolewa kwa umma anastahili kulipwa. Kesi hii husomwa hadi leo na wanafunzi wa sheria Afrika Mashariki.

Je, wajua kwamba waimbaji wawili walichelewa kazini, mmoja akapoteza mkataba na mwingine akaulinda?
Bi. Poussard alipewa nafasi kuu katika opera jijini London. Aliugua, akakosa onyesho la ufunguzi la Novemba 28, 1874 na yaliyofuata, na aliporudi nafasi yake ilikuwa imejazwa. Bettini naye alitakiwa kufika London siku sita kabla ya kazi kuanza, kwa ajili ya mazoezi. Alifika siku mbili kabla. Kesi zote mbili ziliamuliwa mwaka 1876, na Jaji Blackburn alihusika katika zote. Kuimba usiku wa ufunguzi ndiko kulikuwa kiini cha mkataba wa Poussard, hivyo mwajiri alikuwa na haki ya kuuvunja. Mazoezi hayakuwa kiini cha mkataba wa Bettini; mwajiri angeweza kudai fidia tu. Sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya na Tanzania zimerithi mgawanyo huohuo: sharti kuu likivunjwa, mnunuzi anaweza kuikataa bidhaa, likivunjwa dogo, hudai fidia.

Je, wajua kwamba kifungu kimoja kilichangia kuzuka kwa vita?
Mei 2, 1889 Menelik II wa Ethiopia na Italia walitia saini Mkataba wa Wuchale, kwa Kiamhari na Kiitaliano. Kwa Kiamhari, kifungu cha 17 kilisema mfalme *anaweza* kuitumia Italia kuwasiliana na mataifa mengine. Kwa Kiitaliano, *sharti* aitumie. Italia ikaitangazia Ulaya kwamba Ethiopia iko chini ya ulinzi wake. Menelik aliukana mkataba mwaka 1893, na Machi 1, 1896 jeshi lake lililishinda jeshi la Italia huko Adwa. Mwaka huohuo Italia ilikubali kuufuta Mkataba wa Wuchale na kutambua uhuru wa Ethiopia.

Je, wajua kwamba sharti linaweza kuishi muda mrefu kuliko serikali iliyoliomba?
Kuanzia mwaka 1895 Uingereza ilitawala Mwambao wa Kenya, ukanda wa maili 10, kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar na kwa malipo ya kila mwaka. Kabla ya uhuru, Oktoba 1963, Waziri Mkuu Jomo Kenyatta aliandikiana barua na mwenzake wa Zanzibar, Mohammed Shamte. Mwambao ungekuwa sehemu ya Kenya, kwa sharti kwamba Kenya ilinde uhuru wa dini, mahakama za Kadhi na hati za ardhi zilizokuwapo. Serikali ya Shamte ilipinduliwa Januari 12, 1964, miezi mitatu tu baadaye. Mahakama za Kadhi zingalipo, na Katiba ya Kenya ya 2010 inazitaja katika kifungu cha 170.

Je, wajua kwamba tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama Tanzania?
Bunge lilibadili sheria mwaka huo, na ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, mikataba mingi ya mikopo, bima na ajira bado huandikwa kwa Kiingereza, na anayeitia saini mara nyingi huiamini sauti ya karani kuliko karatasi. Una haki ya kuomba usomewe kila sharti kwa lugha unayoielewa. Usiloelewa, liulize kabla hujatia saini. Ukisubiri mpaka baada ya hapo, atakayekujibu huenda akawa hakimu.