Betri ya Taa ya Omena: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Kabla hujatoa pesa ya betri mpya, pima hiyo uliyo nayo. Mita ni ya bei ndogo kuliko betri yoyote, na hata usiponunua, fundi wa redio anayo. Betri ikitoka kwenye chaja, iache saa kadhaa bila taa. Ya asidi ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6 au 12.7, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chomoa waya zote, uipime tena kesho yake. Ikiwa imeshuka sana, ugonjwa uko ndani. Ikiwa imesimama palepale, kagua waya zilizochubuka na vichwa vilivyoota unga wa kijani.

Lakini huenda betri ni nzima, ila ni ndogo. Taa ya wati 5 hunyonya karibu ampea 0.4. Ukivua kwa saa 10, umetumia zaidi ya ampea-saa 4. Betri ya asidi iliyoandikwa 7Ah ubavuni haifai kushushwa chini ya nusu, yaani 3.5. Basi kila usiku unaiumiza. Chukua ya 12Ah. Betri kuukuu ya gari inavutia kwa bei, ila imeundwa kuwasha injini kwa mkupuo mmoja, si kukesha na taa.

Tena kuna mapumziko, na hapa ndipo wavuvi wa Muhuru Bay, Sori na Mbita wanapopoteza pesa bila kujua. Mbalamwezi ikikolea, taa haivuti omena, mitumbwi inakaa ufuoni. Kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 uvuvi wa omena unafungwa. Betri iliyorudi nusu inasukumwa kwenye kona, salfati inaganda kwenye sahani za risasi, na msimu ukifunguliwa haishiki chaji tena. Ijaze kabla ya kuiweka, kisha uijaze kila mwezi. Ada ya kuchaji ni ndogo mno ukiilinganisha na betri mpya.

Lithiamu, ile yenye alama ya LiFePO4, huvumilia kushushwa zaidi, kwa hiyo ya 6Ah inatosha kazi hiyohiyo. Piga hesabu kwa usiku. Tuseme ya asidi ni shilingi 3,000 na inadumu mara 400 za kuchajiwa: ni shilingi 7.50 kila usiku. Lithiamu ya 7,000 ikifika mara 2,000, ni 3.50. Mwenye mtumbwi wake na anuie lithiamu, mradi mwenye duka la kuchaji ana chaja inayoifaa. Aulize kabla ya kulipa.

Kibarua asiye na akiba ni heri akodi. Mbita taa zimekuwa zikikodishwa tangu kampuni ya taa ya Osram ilipofungua kituo mwaka 2008, na leo kampuni ya WeTu inafanya kazi hiyo. Betri ikichoka, anayebeba hasara ni mwenye taa.