Nyota wa michezo anapotoka nje ya ndoa: Sheria inasemaje?

SAMUEL Wanjiru alikuwa na miaka 21 alipoipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki, Beijing, mwaka 2008. Mei 15, 2011, alifariki dunia baada ya kuanguka kutoka ghorofani nyumbani kwake Nyahururu. Polisi walieleza kuwa mkewe alikuwa amemkuta na mwanamke mwingine. Wanawake zaidi ya mmoja walidai kuwa wajane wake, na mama yake mzazi akaenda mahakamani kuzuia mazishi, yaliyofanyika Juni mwaka huo.

Je, mke wa nyota kama huyo angekuwa Mlola, wilayani Lushoto, angeanzia wapi? Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 humtaka kwa kawaida aanzie Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Usuluhishi ukishindikana, ndipo huomba talaka mahakamani. Uzinzi hauvunji ndoa wenyewe. Ni ushahidi tu kwamba imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kifungu cha 72 humruhusu pia kumdai fidia aliyezini na mumewe.

Kuhusu mali, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Hivyo aliyebaki akilea watoto huku mwenzake akikimbia ng'ambo hatoki mikono mitupu.

Haki hizo hudaiwa wote wakiwa hai. Familia ya Wanjiru ilifika mahakamani ikigombea maiti.