SAMAKI WA MAWE NDANI YA SANDUKU YA KIOO



Watu mingi wanafikiri kwamba kufuga samaki nyumbani ni kioo, mayi na chakula kidogo tu. Kwa tilapia wa bwawa inaweza kuwa karibu vile, maana yeye anavumilia mayi ya matope. Lakini kuko samaki wenye hawana uvumilivu ule. Mmoja ni Tropheus wa Ziwa Tanganyika, anayekaa pia upande wa inchi yetu, kama kule Moba.

Tropheus ni mdogo, santimetri 12 hivi. Anakaa karibu na kando ya ziwa, kwenye mawe, na anakwangua ukungu wa kijani wenye kushika juu ya mawe yale. Hapendi kuvuka mchanga, kwa hiyo karibu kila sehemu ya mawe ina Tropheus wa rangi yake. Juu ya rangi hizo wageni wanamutafuta sana. Tangu miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa anatuma samaki wa ziwa hili kutoka Burundi mpaka inchi za ngambo.

Basi, shida iko wapi?

Ya kwanza ni mayi. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometri 670 hivi, na kina chake kinapita metri 1.400. Mayi mingi namna ile haibadiliki upesi: joto ni karibu digri 25, na pH inakaribia 9. Ndani ya sanduku ya litri 300 mambo yanageuka kwa usiku mmoja. Hapa Lubumbashi tuko juu, metri 1.200 hivi, na baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 tunaijua sote. Inapashwa kuwa na chombo cha kupasha mayi. Umeme ukikatika, funika sanduku na bulangeti, lakini acha nafasi ya hewa juu.

Ya pili ni uchafu. Samaki anatoa amonia. Ndani ya ziwa inapotea, ndani ya kioo inabakia. Ni bakteria ndio wanaisafisha: wa kwanza wanaigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, wengine wanageuza nitriti kuwa nitrati, yenye hatari ndogo. Bakteria hao wanahitaji juma 4 mpaka 6 ili wazidi. Tena tukumbuke somo la kemia. Mayi ikiwa na pH 7, sehemu ya amonia yenye sumu ni ndogo sana, haifiki hata moja kwa mia. pH ikiwa 9, inafika karibu theluthi moja. Maana yake, mayi ile ile Tropheus anayopenda ndiyo inafanya uchafu wake kuwa mkali zaidi!

Ya tatu ni chakula. Matumbo yake ni marefu, ni ya kula majani. Ukimupa nyama kila siku, tumbo linavimba na anakufa. Mtu anafikiri anamupenda, kumbe anamuua.

Ya ine ni vita. Ukiweka wawili ao watatu, mwenye nguvu anapiga mzaifu mpaka kufa. Wakiwa 15 ao zaidi, hasira inagawanyika.

Sasa, kwa nini tujali? Tropheus jike hazai maelfu. Anabeba mayai machache ndani ya kinywa karibu mwezi muzima. Mawe yakimalizwa samaki, hayajazwi upesi, na wa rangi ile hawatoki mahali pengine. Kila samaki anayekufa nyumbani kwa haraka ya mtu, mwingine analobwa kwa kukamata nafasi yake.

Kwa hiyo, mwenye kutaka kufuga samaki, afuge mayi kwanza. Ajaze sanduku, awashe chujio, atie chakula kidogo kioze ili bakteria wapate kula, na angoje. Kisha apime. Amonia na nitriti zikiwa sifuri, ndipo alete samaki. Na kila juma abadilishe robo ya mayi, pole pole, kwa mayi yenye joto moja na ile ya zamani.