Utitiri wa Masikio kwa Watoto wa Paka: Dalili, Tiba na Dawa za Kuepuka

Katika vichochoro vya Mji wa Lamu, Shela na Matondoni, ni jambo la kawaida kumwona mtoto wa paka akisimama ghafla, akatikisa kichwa kwa nguvu, kisha akaanza kujikuna sikio kwa mguu wa nyuma. Wengi hupita wakidhani anafukuza inzi. Mara nyingi kinachomsumbua ni utitiri wa masikio. Huu ni ugonjwa unaotibika, lakini ukipuuzwa, au ukitibiwa kwa dawa isiyofaa, unaweza kumpotezea paka usikivu au hata uhai.

Kwa wakazi wa Lamu, paka si pambo la nyumba. Ndiye anayelinda unga, mchele na nafaka dhidi ya panya, nyumbani na dukani. Kumtunza akiwa mdogo ni kulinda pia chakula cha familia.

Utitiri huu ni nini?

Utitiri wa masikio ni mdudu mdogo mweupe mwenye miguu minane, asiyefika nusu milimita kwa urefu. Jina lake la kisayansi ni Otodectes cynotis. Haishi ndani ya nyama wala hanyonyi damu kama kupe. Hukaa juu ya ngozi ndani ya sikio, akila nta na mabaki ya ngozi. Kutembea kwake na uchafu wake ndivyo vinavyoleta mwasho mkali.

Jike hutaga mayai humo humo sikioni. Yai huanguliwa baada ya siku 4 hivi, na kutoka yai hadi utitiri mkubwa huchukua takriban wiki 3. Mkazi anayetaka kutibu paka wake anapaswa kukumbuka muda huu, kwa sababu dawa nyingi huua wadudu lakini haziui mayai. Akiacha tiba siku ya tatu kwa kuwa paka ametulia, mayai yaliyobaki yataanguliwa na ugonjwa utaanza upya.

Utitiri husambaa kwa kugusana. Watoto wa paka huupata kwa mama yao wakinyonya na kulala pamoja, ndiyo maana mmoja akionekana nao, ndugu zake wote huwa wanao. Mbwa wa nyumbani pia wanaweza kuambukizwa. Kwa binadamu ni nadra, na ikitokea huwa ni vipele vya kuwasha vinavyokwisha paka akishatibiwa.

Dalili za kuangalia

Dalili kubwa iko ndani ya sikio: uchafu mkavu wa rangi ya kahawia iliyokoza au nyeusi, unaofanana na mashapo ya kahawa yanayobaki chini ya kikombe. Pamoja na uchafu huo, paka hutikisa kichwa mara kwa mara, hujikuna masikio, na huwa na mikwaruzo au sehemu zisizo na manyoya nyuma ya masikio. Ukimsugua taratibu kwenye shina la sikio, mguu wake wa nyuma huanza kupiga kana kwamba anajikuna.

Kuna njia rahisi ya kuhakikisha nyumbani. Chukua uchafu kidogo ulio kwenye mlango wa sikio kwa kipande cha pamba, uuweke juu ya karatasi au kitambaa cheusi, kisha uangalie kwenye mwanga mzuri, ikiwezekana kwa kioo cha kukuza. Vijidoa vyeupe vinavyotembea ni utitiri. Usipoviona, bado usiseme hakuna, kwani daktari wa mifugo hutumia darubini kuvipata.

Si kila sikio chafu lina utitiri. Usaha wa manjano na harufu mbaya huashiria maambukizi ya bakteria au kuvu. Magamba mazito ya kijivu kwenye kingo za masikio na usoni huashiria upele wa aina nyingine. Magonjwa haya yana dawa tofauti, kwa hiyo ni muhimu mnyama aonwe na mtaalamu kabla ya kununuliwa dawa.

Hatari ya kuchelewa

Paka anayejikuna kwa wiki nyingi hujijeruhi. Mishipa midogo ya damu hupasuka na sikio huvimba kama mfuko uliojaa maji, hali inayoweza kuhitaji upasuaji. Maambukizi yakipenya hadi ndani ya sikio, kichwa huinama upande mmoja na paka huyumba anapotembea. Dalili hizi mbili ni za dharura. Usitie chochote ndani ya sikio. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Tiba sahihi

Hatua ya kwanza ni uchunguzi, ili daktari ahakikishe kwamba kiwambo cha sikio hakijapasuka. Baada ya hapo sikio husafishwa kwa dawa maalumu ya kusafishia masikio ya wanyama. Mviringishe mtoto wa paka katika leso au taulo, kichwa kikibaki nje. Tia matone machache, sugua shina la sikio kwa upole, mwache atikise kichwa, kisha futa uchafu uliotoka kwa pamba. Usiingize vijiti vya pamba ndani ya sikio, kwa sababu husukuma uchafu ndani zaidi na vinaweza kutoboa kiwambo.

Hatua ya pili ni dawa ya kuua utitiri. Zipo dawa za matone ya sikioni na zipo zile zinazopakwa kwenye ngozi ya shingo, mahali ambapo paka hawezi kulamba, kama vile zenye selamektini au moksidektini. Nyingi zina umri wa chini unaoruhusiwa, kwa kawaida kuanzia wiki 6 hadi 9 kutegemea dawa. Kwa mtoto mdogo zaidi ya hapo, daktari ndiye atakayeamua.

Hatua ya tatu ndiyo inayosahaulika: kutibu paka na mbwa wote wa nyumba hiyo kwa wakati mmoja, hata wale wasiojikuna. Osha na uanike juani vitambaa wanavyolalia, kwa kuwa utitiri unaweza kuishi siku kadhaa nje ya mwili. Fuata ratiba ya dawa hadi mwisho, na umrudishe mnyama akaguliwe baada ya wiki 3 au 4.

Baadhi ya wakazi hutumia mafuta ya nazi. Mafuta hulainisha nta, lakini peke yake hayategemewi kumaliza utitiri, na hayafai kutiwa kwenye sikio ambalo kiwambo chake kimepasuka.

Dawa zinazoua paka

Hasara kubwa hutokea mtu anapochukua dawa ya ng'ombe au mbwa na kumpa paka. Mfano ni sindano ya ivamektini ya asilimia 1 inayotumiwa kwa mifugo. Mililita 1 ya dawa hiyo ni kipimo cha mnyama wa kilo 50. Mtoto wa paka wa wiki 8 mara nyingi hajafika hata kilo 1. Matone mawili tu tayari yanapita kipimo chake.

Dawa za josho zenye amitrazi zisipakwe paka kabisa. Vilevile dawa za viroboto vya mbwa zenye permethrini ni sumu kali kwa paka, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kuivunja. Mafuta ya taa, dawa za kuulia viini vya sakafuni na parasetamoli ya binadamu nazo ni hatari.

Paka aliyepata sumu hutokwa na mate, hutetemeka, huyumba au hupatwa na kifafa. Ikiwa dawa imepakwa kwenye ngozi, mwoshe haraka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, mfunike apate joto, kisha mpeleke kwa daktari pamoja na chupa ya dawa iliyotumika.

Usalama wa anayemshika

Paka mwenye maumivu huuma. Watoto wasiachiwe kushika paka wa mtaani anayejikuna. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitalini mara moja, kwa kuwa paka pia anaweza kuambukiza kichaa cha mbwa. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huo kwa kuumwa na mbwa ifikapo 2030. Paka wa nyumbani wanapaswa kuchanjwa wakifikisha umri wa miezi 3.

Mahali pa kupata msaada

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi serikali za kaunti jukumu la kudhibiti magonjwa ya wanyama pamoja na ustawi wao. Kwa hiyo ofisi ya mifugo si ya ng'ombe, mbuzi na punda pekee. Mkazi mwenye mtoto wa paka mgonjwa asione haya kufika na kuomba ushauri.

Unaponunua dawa, mwambie muuzaji kwamba mgonjwa ni paka, taja umri na uzito wake, na usome maandishi kwenye pakiti kabla ya kulipa. Hakikisha anayekuhudumia amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya (KVB). Ni haki yako kuomba kuona cheti chake.

Leo jioni, paka wa nyumbani akija kulala karibu nawe, mwinue sikio na utazame ndani. Sikio zima huwa safi, la waridi na halina harufu. Ukiona kitu kinachofanana na mashapo ya kahawa, usingoje hadi aanze kuyumba.