Kofia ya Kigari Chini ya Jua la Ikweta

Jua la adhuhuri mjini Nyeri, hata siku linaposhuka zaidi katika mwaka mzima, huwa juu kuliko jua la London siku linapopanda zaidi. Hesabu yake si ngumu. Nyeri iko chini ya nusu digrii kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwezi Juni, jua likiwa limehamia kaskazini, bado husimama kwenye digrii 66 hivi kutoka upeo wa macho. London, mwezi uo huo, halifiki digrii 62. Machi na Septemba ndiyo kabisa: jua hupita utosini, na mtu aliyesimama hukanyaga kivuli chake mwenyewe.

Sasa tazama kigari cha mtoto kinachosukumwa karibu na Whispers Park mjini Nyeri, au kile kinachotolewa kwenye buti ya gari mbele ya maduka ya Nanyuki. Kiwe kipya au cha mtumba, umbo lake lilichorwa Ulaya. Kofia yake, ule mwavuli wa kukunja unaokaa upande wa kichwani, kwa kawaida ina mbavu mbili au tatu na hufika kifuani mwa mtoto. Huko ilikobuniwa inatosha, maana jua huja kwa mshazari na sehemu kubwa ya mwaka miguu imefunikwa blanketi. Chini ya Mlima Kenya miguu hiyo hubaki kwenye jua la moja kwa moja mchana kutwa, na uso wenyewe hupona tu ikiwa kigari hakijageuka.

Kinachowapotosha wazazi wengi ni baridi. Nyeri iko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, Nanyuki karibu mita 1,950, na hewa ya huko haichomi kama ya Mombasa. Mzazi anapohisi upepo wa mlimani shavuni, huona jua hili ni la kuota tu. Lakini miale inayounguza ngozi, miale ya urujuanimno, haionekani kwa jicho wala haijitangazi kwa joto. Kadiri mtu anavyopanda mlima ndivyo hewa ya kuichuja inavyopungua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nguvu yake huongezeka kwa asilimia 10 hivi kila mita 1,000. Anga likiwa tupu saa sita mchana, mtoto wa Nanyuki aliyevalishwa sweta hupigwa na miale mikali kuliko mtoto wa Mombasa anayetokwa jasho. Wingu nalo si ukuta: likiwa jepesi, linaweza kupitisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo.

Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, melanini, na ni kinga ya kweli. Hata hivyo mtoto huzaliwa melanini yake haijakolea, ngozi yake ni nyembamba kuliko ya mtu mzima, na lenzi ya jicho lake hupitisha miale mingi zaidi hadi ndani. Ndiyo sababu madaktari wa watoto hushauri walio chini ya miezi sita wakingwe kwa kivuli na nguo kabla ya kufikiria mafuta ya kuzuia jua. Kwa mtoto mwenye ualbino jambo hili halina mjadala. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu nchini Kenya huwapa watu wenye ualbino mafuta hayo bila malipo, lakini mchanga wa miezi miwili hategemei chupa, anategemea kivuli.

Kivuli hicho kipimweje? Saa ya ukutani haiendi sambamba na jua la Nyeri. Mji uko kwenye longitudo ya digrii 37 mashariki, ilhali majira ya Afrika Mashariki hufuata digrii 45, kwa hiyo jua hufika kileleni karibu saa sita na nusu. Saa tatu kabla ya hapo na saa tatu baadaye, yaani saa tatu na nusu asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, jua liko kwenye digrii 45 au chini yake kidogo, na kivuli cha kitu hulingana na kimo chake au hukizidi kidogo. Hapo fundi amepata kipimo bila chombo chochote. Kofia ikiwa sentimita 50 juu ya godoro, ukingo wake sharti uweze kutokeza sentimita 50 au zaidi kidogo kupita mwili wa mtoto, upande wa jua, ili umkinge katika saa zote zilizo kati ya hizo mbili. Adhuhuri ya Juni au Desemba sentimita 22 zinatosha. Machi hazihitajiki hata hizo.

Sentimita 50 ni nyingi. Zikikaa zimetokeza muda wote, mama hamwoni mtoto, na kigari hakipiti mlango wa duka. Kwa hiyo kofia ya mahali hapa inahitaji mbavu nne au tano, kila mmoja ukikunjuka kwa hatua yake na kusimama pale ulipoachwa. Ikweta nayo inamsaidia mbunifu kwa jambo moja: jua hupanda karibu wima kutoka mashariki na kushuka karibu wima magharibi, bila kuzunguka upande mmoja wa anga kama lifanyavyo Ulaya. Kofia yenye egemeo moja, inayoweza kuinama mbele na nyuma, inaimudu njia ya mashariki na magharibi. Barabara ikikata kuelekea kaskazini, upande wa Nanyuki, jua hugonga ubavuni. Hapo yanatakiwa mabawa mawili ya kitambaa, ya kushusha na kupandisha.

Kitambaa ndicho kinachodharauliwa zaidi. Mwaka 1996 Australia na New Zealand zilitoa kanuni ya kupima jinsi nguo inavyozuia miale ya urujuanimno. Kitambaa chenye kipimo cha 50 hupitisha sehemu moja tu kati ya 50. Fulana nyeupe ya pamba nyepesi kwa kawaida huwa kati ya 5 na 8, na ikilowa hushuka zaidi, kwa sababu maji hujaza mianya ya nyuzi na kuufanya mwanga upenye kwa urahisi. Poliesta iliyofumwa kwa kubana huzuia vizuri zaidi, na jinzi ni hodari kupita zote mbili, ila ni nzito mno kwa kofia. Mzazi asiye na maabara anaweza kukiinua kitambaa mbele ya dirisha: kama vidole vyake vinaonekana nyuma ya kitambaa, miale nayo inapita.

Rangi huleta ubishi. Nyeusi huzuia miale zaidi kuliko nyeupe ya uzi uleule, lakini hunywa joto na kulimwaga chini. Njia inayofaa ni tabaka mbili zenye nafasi ya hewa katikati, la nje likiwa la rangi ya fedha au maziwa ili lirudishe mwanga, la ndani likiwa la rangi iliyoiva ili limeze mwanga unaodunda kutoka lami na mabati.

Lakini kivuli kisichopumua ni hatari kuliko jua lenyewe. Desturi ya kutandaza blanketi au leso juu ya kigari kizima, kwa nia njema kabisa, hufungia hewa ndani, na mtoto mchanga hana uwezo wa mtu mzima wa kujipoza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2023. Kigari kilichofunikwa kitambaa chepesi kikavu kilipata joto kwa nyuzi zaidi ya 2 kuliko hewa ya nje. Kitambaa hicho kilipoloweshwa na kuongezwa feni ndogo, joto lilishuka kwa karibu nyuzi 5. Maji yanapokauka huondoka na joto, kanuni ileile inayopoza maji ya mtungi.

Ukiisoma aya iliyotangulia pamoja na ile ya kitambaa utaona mgongano: kitambaa kilicholowa hupoza, lakini pamba iliyolowa hupitisha miale mingi zaidi. Hakuna kitambaa kimoja kinachofanya kazi zote mbili. Paa la kofia libaki kavu na la kubana. Ubavuni kitundikwe kipande chembamba kilicholoweshwa, pale upepo unapoingilia, kisizibe kigari kizima. Wakulima wa kahawa wa Nyeri wanalijua somo la kivuli na hewa kwa njia yao wenyewe. Vitaluni, miche michanga hukaa chini ya neti nyeusi inayopunguza mwanga na kuruhusu upepo. Neti kama hiyo haifai kuwa paa la mtoto, maana mwanga hupita kwenye matundu, lakini kwa dirisha la nyuma ya kofia, pale joto linapotafuta pa kutokea, ni bora mara kumi kuliko plastiki.

Plastiki ina kosa jingine, na katika miji hii kosa hilo hutokea kila msimu wa mvua. Manyunyu yanaanguka, mzazi anashusha kifuniko chenye kuona ndani, mvua inakatika ghafla, jua linatoka. Mwanga huingia, joto halitoki. Kifuniko hicho hakina budi kutolewa mara mvua inapokoma, hata kama wingu jingine linaonekana juu ya milima ya Aberdare.

Ufundi wa vigari una historia ndefu. Kigari kinachotajwa kuwa cha kwanza kilibuniwa mwaka 1733 na William Kent kwa watoto wa Duke wa Devonshire nchini Uingereza, na kilikuwa cha kuvutwa na mnyama mdogo. Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1965. Owen Maclaren, mhandisi mstaafu wa ndege aliyeshiriki kubuni magurudumu ya kukunja ya ndege ya kivita ya Spitfire, alimwona binti yake akihangaika na kigari kizito safarini. Akatengeneza kingine cha alumini, cha kilo zisizofika 3, kinachojikunja kama mwavuli. Bawaba zile zile zilizokifanya kuwa maarufu zilileta msiba baadaye: mwaka 2009 vigari vya kampuni yake vipatavyo milioni moja viliitwa virekebishwe nchini Marekani, baada ya ripoti 12 za watoto kukatwa ncha za vidole penye bawaba. Kanuni za Ulaya huhesabu mwanya wa kati ya milimita 5 na 12 kwenye sehemu inayotembea kuwa mtego wa kidole. Kila egemeo la kofia linapaswa kupimwa hivyo, likiwa wazi na likiwa limefungwa.

Mtu anayeijua kazi hii vizuri Nyeri na mji jirani wa Karatina huenda ni fundi wa miavuli. Mtazame akiwa kazini: anaushika ubavu uliovunjika, anauchomoa kwenye waya wa kitovuni, anapekua furushi la vyuma vya miavuli iliyokufa, anapata wa urefu uleule, anaupitisha, anausokota waya kwa koleo, kisha anaukaza uzi kwenye ncha. Chuma anachoshika kimekunjwa umbo la mfereji, uvumbuzi wa Samuel Fox wa mwaka 1852, na umbo hilo ndilo linalokifanya kiwe chepesi bila kulegea. Mbavu nne za namna hiyo, bawaba mbili za kukaza na mita moja na nusu ya kitambaa zingetosha kurefusha kofia ya kigari cha mtumba hadi magotini mwa mtoto.

Upepo usisahauliwe. Ukivuma kwa kilomita 36 kwa saa, kofia yenye ukubwa wa theluthi moja ya mita mraba husukumwa kwa nguvu ya kilo 2 hivi. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne, na kilo 8 zinatosha kugeuza kigari chepesi kwenye mteremko. Mwanya uliofunikwa kwa pindo karibu na kilele huruhusu upepo kupita bila kuleta jua, na egemeo linalolegea lenyewe kabla ya kigari kuinuka ni muhimu kuliko lile linaloshikilia kwa nguvu zote.

Mama wengi katika miji hii bado humbeba mtoto mgongoni kwa ngoi au leso, mwavuli mkononi, na kwa upande wa sayansi mama huyo yuko mbele ya kigari. Mkono wake huuinamisha mwavuli kila anapokata kona, hewa hupita pande zote, na mwili wake humpa habari mtoto anapopata joto. Kofia yoyote itakayobuniwa ipimwe kwa kulinganishwa naye.

Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiko nje kidogo ya mji wa Nyeri, na mafundi wa miavuli wako mjini. Kofia ya kigari cha Ikweta ni kazi ambayo wanafunzi wa uhandisi na mafundi hao wangeweza kuifanya pamoja, kwa vifaa vinavyopatikana sokoni leo. Kabla haijafika, mzazi mwenye kigari na afanye mambo haya: toa plastiki ya nyuma na ushone neti, ongeza kitambaa kinachobana hadi miguuni, acha pande mbili wazi, na kila baada ya dakika chache ingiza mkono uguse shingo ya mtoto. Ikiwa na joto au jasho, mtoe mara moja umpeleke penye hewa.