Mbwa anabaki kwa nani? Sababu watu wanaachana na mbwa, na namna ya kumpatia nyumba ingine

Gari ya kuhamisha vyombo imekwisha kujaa: godoro, meza, sufuria, mabidoni ya maji. Watoto wamepanda. Kwenye mlango wa parsele mbwa amesimama, anaangalia. Hapo ndipo mtu anauliza: "Na imbwa tunaipeleka wapi?" Katika miji ya Goma, Bukavu, Butembo, Uvira ao Bunia, swali hilo mara nyingi linakuja wakati limekwisha kuchelewa. Gari inaondoka, mbwa anabaki.

Mara nyingi anayefanya vile si mtu wa roho mbaya. Ni mtu ambaye hakupanga mapema. Na mbwa aliyebakia barabarani si shida ya yule aliyehama tu, anakuwa shida ya avenyu nzima.

Kwa nini watu wanaachana na mbwa

Sababu ya kwanza ni nyumba. Mjini wengi ni wapangaji. Ndani ya parsele moja munaweza kuwa familia tatu ao ine, choo kimoja, mlango mmoja wa kutokea. Mwenye nyumba anapokea garanti, kisha anasema: hapa mbwa hapana. Kuna pia majirani ambao wanaogopa mbwa, ao imani yao hairuhusu mbwa awaguse. Mpangaji anayetafuta nyumba kwa haraka hana nguvu ya kubishana.

Sababu ya pili ni kukimbia. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na tarehe 27 wakaaji wa sehemu kubwa ya Goma waliambiwa waondoke. Watu walielekea Sake, Rutshuru, Bukavu, na Rubavu ng'ambo ya mpaka. Vita navyo vimehamisha watu mara na mara, Masisi, Rutshuru, Djugu na kwingine. Mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo kichwani hana mkono wa kushika kamba ya mbwa. Huyo hakuna wa kumlaumu.

Sababu ya tatu ni chakula. Mbwa wengi huku wanakula mabaki ya fufu na mifupa ya samaki. Siku unga unapanda bei, mabaki yanakwisha, na mbwa ndiye wa kwanza kulala njaa.

Kuna pia mambo ya kuzaa. Mbwa jike anabeba mimba karibu siku 63, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Familia iliyotaka mlinzi mmoja inajikuta na saba ndani ya lupango.

Tena kuna mbwa aliyeuma mtu. Huyo wanataka atoke siku ile ile, na ndiyo haraka yenye hatari kuliko zote.

Kwa nini kumtupa hakumalizi shida

Wengine wanamfunga mbwa ndani ya mfuko wanaenda kumwachilia mbali, karibu na soko ao jalala. Wanafikiri ataokotwa. Mara nyingi anatafuta njia ya kurudi kwenye mlango aliouzoea, ao anaingia katika kundi la mbwa wa jalala. Pale hakuna chanjo, na kila siku kuna kupigana.

Hapo ndipo hatari ya kichaa cha mbwa inaingia, ule ugonjwa ambao hospitali wanaita raje. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba hadi 99 kwa mia ya watu wanaopata ugonjwa huo wanaupata kwa mbwa. Katika kila watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, karibu 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikisha kutokea kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Mbwa anayetupwa jalalani leo, kesho anakutana na mtoto anayetoka masomo.

Sheria pia haimwachi mwenye mbwa. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo ingali inatumika Kongo, inasema katika kifungu cha 261 kwamba mwenye mnyama anajibu kwa hasara ambayo mnyama wake ameleta, hata kama mnyama huyo alikuwa amepotea ao ametoroka. Kusema "alikwisha kutoka kwangu" hakutoshi.

Namna ya kumpatia nyumba ingine

Kwanza, anza mapema. Ukijua utahama mwisho wa mwezi, anza kuuliza mwanzoni. Mwenye kutafuta kwa siku moja anampatia mbwa yeyote anayepita.

Pili, anza na watu wa karibu: ndugu, jirani ambaye mbwa anamjua, mpangaji mpya anayeingia katika nyumba ile ile. Huyo wa mwisho ni mzuri sana, kwani mbwa habadilishi hata mlango. Kisha uliza wenye depo, wenye gereji, shule, parokia, na wafugaji wa ng'ombe kule mashambani. Wote wanahitaji mlinzi wa usiku.

Tatu, uliza wazi anamtakia nini. Ni kulinda, kuwinda, ao nyama? Kila mtu anajua kwamba mahali fulani mbwa anaishia kwenye sufuria. Kama hutaki, sema mbele ya kumtoa. Anayekuja bila jina wala anwani, anayetaka mbwa watatu kwa mara moja, mfikirie mara mbili.

Ine, sema ukweli. Kama anafukuza kuku, ao haoni vizuri na watoto, sema. Ukificha, atarudishwa ndani ya juma moja, ao atatupwa na huyo mwingine.

Tano, mpeleke kwa veterineri apate chanjo ya raje, na karti yake iende pamoja naye. Kwa kawaida mbwa anaweza kupata chanjo hiyo tangu miezi mitatu. Watoto wa mbwa wasitolewe kwa mama yao mbele ya juma nane.

Sita, mpeleke mwenyewe. Beba kamba yake, sahani yake, na kitambaa alichokuwa akilalia, kwa sababu kina harufu anayoijua. Bwana mpya ndiye ampatie chakula cha kwanza, kwa mkono wake. Kwa juma mbili za mwanzo asiachwe atoke peke yake, la sivyo atarudi kule alikotoka. Jina lake lisibadilishwe haraka.

Mbwa aliyeuma mtu

Huyu asitolewe, asiuzwe, wala asiuawe kwa hasira. Afungwe mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10, na veterineri ajulishwe. Akiwa mzima siku hizo zote, ni jibu kubwa kwa familia ya aliyeumwa. Akipotea, hakuna atakayejua. Lakini aliyeumwa asingoje siku hizo 10. Aoshe kidonda palepale kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kwenye kituo cha afya aulizie chanjo.

Na kama ni lazima kukimbia usiku huu? Mfungue. Mbwa aliyefungwa katika nyumba tupu anakufa kwa kiu. Kama kuna jirani anayebaki, mwambie jina la mbwa na umwachie karti ya chanjo. Hapo angalau atakuwa na mtu mmoja anayemjua.