Safari ya kwanza katika nchi ya makorongo: usalama huanza nyumbani

Ndugu mfanyakazi,

Kila asubuhi kabla ya kushuka shimoni unavaa kofia, viatu vya kazi na mkanda. Unapima taa yako. Unasikiliza maagizo ya mkubwa wa timu. Hakuna anayekucheka kwamba unaogopa, maana wote wanajua kwamba hiyo ni sehemu ya kazi. Lakini siku ya likizo ikifika, mtu yuleyule anapanda gari bila kuangalia mipira, bila maji, bila kumwambia mtu anakokwenda. Kwa nini? Je, ajali nayo huchukua likizo?

Tunasema hivi kwa sababu safari zetu zimekuwa ndefu. Zamani likizo ilikuwa kwenda kijijini kuwasalimu wazee. Leo jamaa zetu wengi wanakaa Marekani. Wako Phoenix na Tucson katika jimbo la Arizona, wako pia Salt Lake City katika jimbo la Utah, na Kiswahili chetu kinasikika makanisani kwao. Majimbo hayo mawili ni nchi ya shaba kama Katanga. Siku moja mtoto wako atakutumia tikiti, nawe ukifika atakuambia: "Baba, twende tukaone makorongo."

Itikia. Ni nchi ya kushangaza. Lakini kwanza soma ukurasa huu, na umsomee bibi yako na watoto.

NCHI HIYO NI NAMNA GANI?

Korongo ni bonde lenye kuta za mawe, ambalo mto umelichimba kwa muda wa miaka mamilioni. Kubwa lenye sifa kuliko yote ni Grand Canyon, lililochimbwa na mto Colorado. Urefu wake ni kilometa 446, yaani ni mbali kuliko kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi. Mahali pengine upana wake unafika kilometa 29, na kina chake ni zaidi ya meta 1,600. Kaskazini yake, katika Utah, yako makorongo mengine: Zion yenye kuta nyekundu, Bryce, na Canyonlands karibu na mji mdogo wa Moab. Kati ya Arizona na Utah kuna Monument Valley, minara ya mawe iliyo katika nchi ya watu wa kabila la Navajo.

Nchi hiyo ni jangwa, lakini usidhani kwamba jangwa ni joto tu. Ukingo wa kusini wa Grand Canyon uko meta 2,100 juu ya bahari, juu sana kuliko Lubumbashi. Usiku kuna baridi, na wakati wa baridi theluji huanguka barabarani. Chini kabisa karibu na mto, mwezi wa 7, joto linapita digri 40. Siku moja, korongo moja, hewa mbili. Kwa hiyo beba koti, na beba pia kofia pana ya jua.

Miezi mizuri kwa mgeni ni ya 4 na ya 5, au ya 9 mwishoni na ya 10.

KOSA LA KWANZA: KUDANGANYWA NA RAMANI

Bwana Haraka anaangalia ramani. Anaona ukingo wa kusini wa Grand Canyon unatazamana na ukingo wa kaskazini, kilometa 16 hivi. Anasema: "Asubuhi tutaona huku, mchana tutakula kule." Masikini! Hapo hakuna daraja la gari. Njia inazunguka karibu kilometa 340, nayo ni saa nne au tano za kuendesha. Tena ukingo wa kaskazini hufungwa wakati wa theluji, na hoteli yake kubwa iliungua kwa moto wa msitu katika mwaka 2025.

Bwana Akili hufanya kazi yake mezani, na kalamu mkononi. Yeye ana jamaa Phoenix na jamaa Salt Lake City. Anapanga siku saba:

Siku ya 1: Phoenix mpaka Grand Canyon, ukingo wa kusini, karibu kilometa 370.
Siku ya 2: kukaa hapo, kutembea na kupumzika.
Siku ya 3: kwenda Monument Valley, karibu kilometa 290.
Siku ya 4: kwenda Moab, karibu kilometa 240.
Siku ya 5 na ya 6: mbuga za Arches na Canyonlands, kulala Moab.
Siku ya 7: Moab mpaka Salt Lake City, karibu kilometa 375.

Jumla ni karibu kilometa 1,300, na hakuna siku inayopita kilometa 400. Zion na Bryce ameziacha. Zitamngoja safari nyingine. Ameagiza vyumba mapema, maana hoteli za huko ni chache na zinajaa miezi mingi mbele. Ameuliza kila mbuga kama ni lazima kuandikisha saa ya kuingia. Na kwa kuwa gari ni la kukodi, ameuliza bei ya kulichukua mji mmoja na kuliacha mji mwingine. Mara nyingi bei hiyo inapanda.

GARI

Kabla ya kuondoka, angalia mipira yote, pamoja na ule wa akiba. Angalia kama vyuma vya kuubadilisha vimo. Angalia breki, mafuta ya injini na maji ya kupoza injini. Kupanda mlima katika joto kunachosha injini kama kunavyochosha mtu.

Esansi: tanki ikifika nusu, jaza. Usingoje taa nyekundu. Hapo Green River, kwa mfano, ukikosea njia na kufuata barabara kuu ya magharibi mpaka Salina, utakwenda zaidi ya kilometa 160 bila kituo kimoja cha esansi, bila duka, bila nyumba.

Huko mwendo unahesabiwa kwa maili. Maili moja ni kilometa 1.6. Kibao kikisema 65, ni kilometa 105 kwa saa. Watu wote wafunge mkanda, na wa nyuma pia. Usiendeshe usiku: ng'ombe, farasi na swala wakubwa wanavuka njia, na hakuna taa. Katika nchi ya Wanavajo pombe ni marufuku, kuiuza na hata kuwa nayo. Iache dukani.

Angalia saa pia. Kuanzia mwezi wa 3 mpaka wa 11 Wanavajo wanasogeza saa mbele, lakini sehemu nyingine ya Arizona haisogezi. Ukitoka Grand Canyon kwenda Monument Valley wakati huo, unapoteza saa moja. Ukisahau, giza litakukuta njiani.

MAJI NA CHUMVI

Kila mtu ahesabiwe lita 4 za maji kwa siku, mkubwa na kijana. Mkiwa wanne, wekeni katika gari maji ya siku mbili: lita 32. Si maji ya kunywa njiani tu. Ni maji ya kungojea msaada kama gari litakufa.

Ninyi mliofanya kazi katika joto la shimo mnajua jambo ambalo watalii wengi hawalijui: maji peke yake hayatoshi. Jasho linatoa chumvi mwilini. Mtu akinywa maji mengi sana bila kula, chumvi ya damu inapungua, anaumwa kichwa, anatapika, anaweza hata kuzimia. Kwa hiyo kuleni mara kwa mara: karanga zenye chumvi, mkate, nyama kavu.

Jueni dalili za ugonjwa wa joto. Mtu anasema maneno yasiyoeleweka, anayumba kama mlevi, ngozi yake ina moto. Usimwambie ajikaze. Mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na piga simu 911. Akiwa hana fahamu usimtilie maji mdomoni. Na mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa, hata dakika tano.

KUSHUKA NI HIARI, KUPANDA NI LAZIMA

Kwetu mgodini kuna mashine ya kukupandisha mwisho wa kazi. Katika korongo hakuna. Mlima unapanda asubuhi ukiwa na nguvu, ukashuka umechoka. Korongo ni kinyume: unashuka ukiwa na nguvu na kicheko, halafu unapanda umechoka, katika jua. Hesabu hivi: ukishuka saa moja, weka saa mbili za kupanda. Walinzi wa Grand Canyon wanaonya sana watu wasijaribu kushuka mpaka mtoni na kurudi siku hiyohiyo. Wakati wa joto wanasema usitembee njiani chini tangu saa nne ya asubuhi mpaka saa kumi. Wanasema hivyo kwa sababu wao ndio wanaobeba watu walioshindwa.

MVUA USIYOIONA

Hii ndiyo hatari kubwa, nasi tunaomba uisome mara mbili.

Tarehe 12 mwezi wa 8, 1997, watalii walikuwa ndani ya Antelope Canyon, karibu na mji wa Page. Ni ufa mwembamba katika mwamba, mahali pengine kuta zake unazigusa kwa mikono miwili. Juu yao mvua ilikuwa kidogo tu. Lakini mvua kubwa ilikuwa imenyesha mbali, upande wa juu. Maji yakaja kama ukuta. Watu 11 walikufa. Kiongozi wao alipona peke yake.

Kwa nini maji hukimbia namna hiyo? Kwetu ardhi inakunywa mvua. Kule ni mwamba mtupu na udongo mgumu kama tofali. Maji hayaingii, yanateremka yote pamoja, na korongo ndilo bomba lake. Mvua hizo huja hasa tangu mwezi wa 7 mpaka wa 9, na mara nyingi mchana.

Kwa hiyo:

Kila asubuhi uliza walinzi wa mbuga hali ya hewa ya nchi yote ya juu, si ya mahali ulipo tu. Wakisema leo hapana, ni hapana.

Usiingie katika ufa mwembamba bila kiongozi. Antelope Canyon siku hizi haliingiwi bila kiongozi.

Ukiwa ndani, ukiona maji yanageuka ya udongo, vijiti vinaelea, au ukisikia ngurumo upande wa juu, panda juu papo hapo. Acha mzigo. Usikimbie kufuata mto, maana maji yatakushinda mbio.

Maji yakikata barabara, simamisha gari ungoje. Maji ya sentimeta 30 yanayokimbia yanaweza kubeba gari dogo. Mara nyingi baada ya saa chache yamekwisha. Saa chache ni kitu gani mbele ya maisha ya watoto?

MASHIMO YA ZAMANI

Mfanyakazi wa mgodi akiona shimo la mgodi, moyo wake unamvuta. Usiingie! Katika nchi ya Wanavajo na pande za Moab walichimba uranium, madini yaleyale ya Shinkolobwe kwetu. Kwa Wanavajo kazi hiyo ilidumu tangu 1944 mpaka 1986. Wachimbaji wengi walifanya kazi bila hewa safi na bila kuambiwa hatari, na wengi walikufa kwa kansa ya mapafu. Katika 1990 serikali ya Marekani ilitoa sheria ya kuwalipa fidia. Hata leo katika nchi hiyo kuna zaidi ya migodi 500 iliyoachwa. Nguzo zimeoza, hewa ni mbaya, na hatari ya mionzi haionekani kwa macho. Usiokote mawe ya hapo, wala usinywe maji yanayotoka hapo.

ACHA HABARI NYUMA

Mwachie jamaa karatasi: njia mtakayofuata, hoteli za kila usiku, namba ya gari, na saa mtakayopiga simu. Sehemu nyingi simu haishiki. Gari likiharibika mbali na watu, msiliache. Linawapa kivuli, na linaonekana kwa mbali kuliko mtu anayetembea. Kaeni hapo, kunyweni maji yenu, ngojeni.

NENO LA MWISHO

Watu hupenda kusema: "Ajali haina kinga." Sisi wa usalama hatukubali. Karibu na Salt Lake City, mwisho wa safari yako, kuna Bingham Canyon, mgodi wa shaba wa wazi, mojawapo ya mashimo makubwa kabisa duniani yaliyochimbwa na watu. Tarehe 10 mwezi wa 4, 2013, upande mzima wa shimo hilo ulibomoka. Mawe ya mamilioni ya tani yalishuka. Ni watu wangapi walikufa? Hakuna hata mmoja. Vyombo vya kupima vilikuwa vimeonyesha kwamba ukuta unasogea, wakubwa waliamini vyombo, na watu walitolewa mapema. Mlima ulianguka juu ya mashine. Wafanyakazi walikuwa nyumbani kwao.

Ndugu, fanya vivyo hivyo katika likizo yako. Pima, uliza, amini unayoambiwa, na ondoka mapema. Kata ukurasa huu, uuweke katika gari pamoja na ramani.

Safari njema, na mrudi wote.